Akiba haiozi, lakini embe huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Bila shaka hawakuwa wakizungumzia maembe. Kaskazi ikishaanza kuvuma na joto la kisiwani likawa halisemeki, maembe humiminika Mombasa kutoka Kilifi, Malindi, Kwale na kwingineko pwani. Kongowea hujaa, Marikiti hujaa, na mikokoteni ya barabarani nayo hujaa. Bei huteremka, na kila mwenye familia hurudi nyumbani na ndoo nzima akiona amebahatika.

Siku ya kwanza watu hula wakashiba. Siku ya pili hula kwa adabu. Siku ya nne yaliyobaki yamekuwa meusi, nzi wameyazunguka, na mama wa nyumba anayatupa huku akisikitika. Jioni hiyo hiyo mtoto anaomba pesa akanunue achari nyekundu na barafu langoni mwa shule.

Hapa ndipo penye shina la mazungumzo yetu ya leo, msomaji mpenzi. Tunda tunalitupa nyumbani likiwa safi, kisha tunalinunua barabarani likiwa limetiwa maji tusiyoyajua na rangi tusiyoijua. Si kwamba kila mchuuzi ni mchafu, la hasha! Wapo walio safi kutushinda. Lakini vitamtam vya kaskazi havihitaji ufundi mkubwa, na mwenye kuvitengeneza mwenyewe hana haja ya kubahatisha.

ACHARI SI JAMBO LA JANA

Kabla ya kuwasha jiko, tukumbuke kwamba mambo haya ni ya kwetu tangu zamani. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka wa 1331. Alipofika Mogadishu alikaribishwa wali, na pembeni mwake akawekewa maembe mabichi yaliyotiwa achari, pamoja na ndimu, pilipili na tangawizi. Alipofika Mombasa aliandika juu ya ndizi na ndimu, na juu ya tunda moja dogo linalofanana na zeituni, lenye kokwa ndani na utamu mwingi, ambalo aliliita jammun. Wahindi hadi leo huita zambarau kwa jina kama hilo.

Mitaa ya kisiwa chetu nayo inashuhudia. Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika: yote imebeba jina la mti huu. Kwa hivyo kijana akikuambia kuwa mambo ya achari ni ya kizee, mwambie ndiyo, ni ya kizee sana, yana karibu miaka 700.

KUCHAGUA NA KUVUMBIKA

Si kila embe linafaa kwa kila kazi. Ngowe, lile refu lenye ncha iliyojipinda, halina nyuzi nyingi na likiiva nyama yake huwa ya rangi ya machungwa. Hilo ni zuri kwa barafu na jemu. Embe apple nalo ni laini na lina maji mengi. Yenye nyuzi nyingi yanafaa kwa sharubati, mradi uyapitishe kwenye chujio. Kwa achari tafuta maembe mabichi yaliyokomaa: magumu, ya kijani, na ndani meupe au ya manjano kidogo. Machanga mno hayana nyama, na yaliyoanza kulainika yatakuwa uji.

Ukinunua ambayo hayajaiva, usiwe na haraka. Yavumbike kama walivyofanya bibi zetu. Yafunge moja moja kwa gazeti (hili ukishalisoma!), uyapange ndani ya kikapu au sanduku la karatasi pamoja na ndizi mbivu moja, kisha ufunike. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoyahimiza maembe kuiva. Baada ya siku mbili hadi nne yatakuwa tayari.

Wako wafanyabiashara wasio na subira ambao huivisha matunda kwa kabaidi, ule unga wanaotumia mafundi wa kuchomelea vyuma. Unga huo huweza kuwa na chembechembe za sumu, ikiwemo aseniki. Jihadhari na embe ambalo ganda lake ni la manjano tupu pande zote, lakini ukilikata karibu na kokwa bado ni gumu na kali.

Osha maembe vizuri kabla ya kuyamenya, hasa pale kwenye kikonyo, kwa sababu utomvu wake huwasha na huweza kumbabua mtoto midomo. Pia yakate yote kabla ya kuyasaga. Kuna inzi wa matunda aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka wa 2003, ambaye hutaga mayai ndani ya embe. Nje huoni ila kitobo kidogo, kumbe ndani mna funza.

MAJI NA RANGI

Mambo mawili humletea mtoto maradhi, na yote mawili si embe lenyewe.

La kwanza ni maji. Wengi hufikiri kwamba maji yakishaganda huwa yamekufa vijidudu. Sivyo. Baridi ya friza huvilaza tu vijidudu vingi, vikiwemo vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Barafu ikiyeyuka kinywani, navyo huamka. Kisiwani wengi wetu hununua maji ya mitungi ya mkokoteni au huteka visimani, na nchi yetu imepambana na kipindupindu zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka wa 2015 na tena mwaka wa 2022. Kwa hivyo maji ya barafu ni lazima yachemke, yatokote dakika moja kamili au zaidi, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Hili halina mjadala.

La pili ni rangi. Wekundu ule wa achari na mabuyu unaobaki ulimini hadi kesho yake hautoki kwenye embe wala kwenye mbuyu. Ikiwa ni lazima utie rangi, nunua ile iliyoandikwa wazi kuwa ni ya vyakula, na utie kidogo. Rangi ya kutilia ukili wa mikeka au ya nguo si chakula hata ikiwa imekolea namna gani. Lakini kwa nini tuinunue? Kipande cha bitiruti kikikunwa na kukamuliwa hutoa wekundu mzuri sana. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya dhahabu. Na zambarau, hiyo ndiyo iliyoipa rangi yake jina!

BARAFU YA EMBE NA NAZI

Mahitaji:
Maembe mabivu makubwa 3
Maji kikombe 1
Sukari vijiko vikubwa 3
Tui zito nusu kikombe
Ndimu 1
Iliki ya unga, nusu kijiko cha chai

Namna ya kutengeneza: Chemsha maji pamoja na sukari. Yakishatokota, tia tui na iliki, koroga, yachemke tena mara moja, kisha epua, funika na uache yapoe kabisa. Menya maembe, yakate, uyasage kwa mashine. Asiye na mashine ayaponde kwa mwiko na kuyapitisha kwenye chujio. Changanya na yale maji ya nazi, kamulia ndimu, onja. Utamu uwe umezidi kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu ulimi uliopata baridi hausikii utamu vizuri. Mimina katika vikombe vidogo na uache nafasi ya kidole kimoja juu, maana kinyweo kikiganda hufura. Weka ndani ya friza. Baada ya saa moja na nusu hivi, yakiwa yameanza kushikana, chomeka vijiti visimame wima. Yaache saa sita au usiku kucha.

Hapa kuna neno juu ya vyombo. Wengi tunakumbuka barafu za mfuko zilizokuwa zikiuzwa madirishani na milangoni mwa nyumba za Kibokoni, Kuze na mitaa mingine ya Mji wa Kale. Mtoto aliing'ata ncha kwa meno akafyonza, na mfuko ukaishia mtaroni. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa imepigwa marufuku Kenya, na adhabu yake si ya kuchezea. Hata kwa afya, vikombe vya chuma au vya plastiki ngumu ya vyakula vinaoshwa kwa maji moto na sabuni na hutumika tena msimu mzima. Ukitaka barafu itoke bila taabu, zungushia kikombe kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu kwa nukta chache.

Stima ikipotea na barafu zikayeyuka, usizigandishe tena. Zinyweni papo hapo zikiwa bado baridi, na mambo yaishe.

ACHARI YA WATOTO

Achari ya kulia biriani tutaiacha siku nyingine. Hii ni ile kavu, tamu na kali, ambayo watoto huila kama peremende.

Mahitaji:
Maembe mabichi yaliyokomaa 6
Chumvi kijiko kikubwa 1
Sukari vikombe 2
Maji nusu kikombe
Pilipili ya unga kijiko 1 cha chai, au upendavyo
Iliki ya unga nusu kijiko cha chai
Maji ya bitiruti vijiko vikubwa 2, ukipenda wekundu

Namna ya kutengeneza: Menya maembe na uyakate vipande virefu vyembamba, unene wa penseli. Vinyunyizie chumvi, changanya, uache kwa saa mbili au tatu. Utaona vimetoa maji mengi. Chumvi ndiyo inayoyavuta, na embe lililopungua maji haliozi upesi. Yamwage, suuza vipande mara moja kwa maji yaliyochemshwa, kisha vitandaze juu ya sinia au uteo safi.

Vianike juani siku mbili hadi tatu. Nyumba za Mji wa Kale zenye sakafu ya juu zina nafasi nzuri kwa kazi hii, kwani jua la kule huwaka tangu asubuhi na vumbi la njia halifiki. Vifunike kwa kitambaa chembamba ili nzi wasitue. Usitumie chandarua kilichotiwa dawa ya mbu. Magharibi isikukute: viingize ndani kabla jua halijatua, kwa maana unyevu wa bahari ukishuka vitalowa upya na kuota ukungu. Vitakuwa tayari vikikunjika kama ngozi bila kutoa maji.

Sasa pika sukari na maji kwa moto wa wastani mpaka iwe nzito na kuvutika uzi baina ya vidole. (Ipoze kidogo kijikoni kwanza, sukari inayochemka huunguza kuliko maji.) Tia pilipili, iliki na maji ya bitiruti. Mimina vipande vya embe, geuza kwa mwiko juu ya moto mdogo mpaka vyote vivae sukari na sufuria ikauke. Tandaza vipoe, kisha hifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko. Mkono uliolowa usiingie chupani, na achari yako itakaa wiki kadhaa, ikiwa watoto watairuhusu.

Uangalizi mmoja: embe bichi na ndimu ni vitu vikali, na ukali wake hula sufuria za alumini. Kupikia si kitu, lakini usilaze humo. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu, cha udongo au cha kioo.

JEMU YA MAEMBE YALIYOLAINIKA

Hii ndiyo dawa ya yale maembe ya siku ya nne. Yawe yamelainika tu. Yaliyochacha au yenye ukungu ni ya kutupwa.

Mahitaji:
Nyama ya maembe mabivu, vikombe 4
Embe bichi 1, likunwe
Sukari vikombe 2
Ndimu 2

Namna ya kutengeneza: Weka vyote ndani ya sufuria isipokuwa ndimu. Pika kwa moto mdogo ukikoroga mara kwa mara, kiasi cha dakika 30 hadi 40. Embe bichi halikutiwa kwa bahati mbaya. Lina pektini nyingi kuliko bivu, na pektini ndiyo inayoifanya jemu ishikane. Kamulia ndimu inapokaribia kuiva. Ili kujua kama imeiva, tia tone moja juu ya kisahani kilichokuwa ndani ya friji, kisha lisukume kwa kidole. Likikunja uso kama mzee aliyelamba ukwaju, epua. Jaza chupa zilizochemshwa na kukauka. Kwa kuwa sukari tuliyotia si nyingi, jemu hii iwekwe ndani ya friji na iliwe kwa muda wa wiki tatu. Kwa mkate wa asubuhi au mahamri ya jana, hutatafuta nyingine.

SHARUBATI YA ZAMBARAU

Zambarau nazo huja na kaskazi, na mara nyingi humwagika chini ya mti zikakanyagwa. Osha vikombe 3, tia maji vikombe 2, chemsha dakika 10. Zikipoa kidogo, ziponde kwa mkono ili nyama iachane na kokwa, lakini usisage kokwa kwa mashine, zitaleta uchungu. Chuja, tia sukari vijiko vikubwa 4 na ndimu 1, na inyweni ikiwa baridi. Inaweza pia kugandishwa barafu. Mvueni mtoto kanzu nyeupe kwanza. Doa la zambarau halina msamaha.

TAMU LAKINI KWA KIASI

Kuwa kitu kimetengenezwa nyumbani si ruhusa ya kukila bila kipimo. Embe bivu lina sukari yake, na achari ni sukari zaidi kuliko embe. Nyumba nyingi za mjini sasa zina mtu mwenye kisukari, na huyo afuate aliyoambiwa na daktari wake. Watoto wapewe kidogo baada ya chakula, kisha wapige mswaki. Na siku nyingine wapewe embe bichi la chumvi na pilipili tu, kama wanavyouza pale Lighthouse kando ya mihogo na madafu. Hilo halina sukari ya kuongezwa hata chembe.

KWA WANAFUNZI WALIO LIKIZONI

Najua wako vijana wanaosoma huku wakipiga hesabu za kupata za mfukoni. Si vibaya. Lakini hesabu iwe kamili. Andika katika daftari bei ya maembe, sukari, nazi, vijiti, gesi au makaa, na stima ya friza ambayo mara nyingi mama ndiye anayeilipa. Jumlisha, gawa kwa idadi ya barafu ulizopata, na hapo ndipo utajua kila moja imekugharimu kiasi gani kabla hujataja bei. Wengi husema wamepata faida kumbe wamekula mtaji wa mama.

Na ikiwa utauzia watu wa nje, jua kwamba anayeshika chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa afya na kupewa cheti, na kwamba biashara inahitaji leseni ya kaunti. Ulizia ofisi ya afya ya umma iliyo karibu. Achari usiifunge kwa gazeti, kwa sababu wino huhamia kwenye chakula. Tumia karatasi safi au vichupa ambavyo mteja atarudisha.

Mwisho, kazi hii isiwe ya mama peke yake. Mdogo aoshe, wa kati amenye, mkubwa akate, na bibi, ikiwa Mungu amemweka, akae kwenye kiti aonje na kukosoa. Yeye ndiye anayejua sukari imefika lini bila ya kutazama saa, na ujuzi huo hauandikiki gazetini. Mwulizeni sasa, wakati maembe yapo na yeye yupo.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia kaskazi njema na jiko lenye baraka.